Walivyoniita Mke wa Zimwi

Mwanangu, iko siku moja ambayo mie nikiikumbuka nacheka peke yangu, mpaka waliomo ndani wananiuliza, bibi, kulikoni? Ni siku niliyopewa jina la Mke wa Zimwi, bombani, hapa hapa Makorora, Tanga, mbele ya watoto wa mtaa mzima. Siku yenyewe sikucheka. Nililia hasa. Lakini kaa vizuri nikusimulie, maana wiki hii limetokea jambo humu nyumbani limenifanya niitoe tena hadithi hii, na safari hii naitoa kwa ajili yako wewe kijana wa kwenye simu, unayewasema wenzio.

Nina mjukuu, Rahma, binti wa mwanangu Hemedi. Yuko sekondari. Ana kipaji yule mtoto, na wala sioni haya kumsifu, kwa sababu kakitoa kwangu. Sasa kuna tamthilia ya Kituruki tunaitazama sote jioni, zile wanazotia sauti za Kiswahili, yenye mama mkwe mwenye hereni kubwa na roho ndogo. Ikiisha, sisi tunakwenda kulala. Rahma haendi. Yeye anawachukua wale watu, anawaandikia mambo yake mwenyewe kwenye simu, halafu anawatumia wenziwe kwenye kundi lao. Wanaziita hadithi za mashabiki. Yule mama mkwe kamleta mpaka hapa mjini, Ngamiani! Kamshusha pale na masanduku yake, anatafuta hoteli, watu wanampita na baiskeli wanampigia kengele, "Mama pisha!" Aliponisomea hapo nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Basi juzi kijana mmoja kundini akamrarua. Akamtumia sauti, kundi zima linasikia: "Dada, huu ni uchafu. Umeharibu kazi ya watu. Kauze barafu, kuandika mwachie mwenye akili." Wenziwe wakammiminia vile vikatuni vya kucheka, tele. Mtoto kaja kwangu macho yamevimba, simu mkononi, ananiambia, "Bibi, nazifuta zote. Siandiki tena maishani mwangu."

Nikamwambia, "Zifute, simu yako. Lakini ngoja kwanza nimalize kusema."

Ndo nikamweleza habari za Mize na zimwi.

Mie wakati huo ni kigori, sijavunja ungo. Shule nilisoma kidogo nikaiacha njiani, mama alikuwa na wadogo zangu wa kulea na mikono yake haikutosha. Shule yangu mie ilikuwa baraza ya Bi Mwanahija. Huyu alikuwa mjane, mama wa makamo, mnene, ana sauti nzito, akikohoa ndani unamsikia nyumba ya nne. Magharibi ikishaswaliwa, kina mama wanakwenda kwake na miaa yao, majani ya ukindu, wanasuka ukili, ile mikanda mirefu ya kushonea mikeka, na yeye anasuka anasimulia. Wala si hadithi ya kuisha siku moja. Anaikata pale pale pa utamu, unakwenda kulala roho juu.

Tena Bi Mwanahija alikuwa na mwitikiaji. Nyie wa siku hizi mnadhani hadithi anaisema mtu mmoja. Kwetu sivyo. Lazima awepo mtu wa kumwitikia msimuliaji: enhe! Ikawaje! Usiniambie! Asipoitikiwa, anashindwa kuendelea, ulimi unakuwa mzito. Mwitikiaji wake alikuwa jirani yake, Bi Saumu, mwanamke mwembamba, msafi, kanga zake zimenyooka kama zimetoka dukani leo, na mdomo wake, mwanangu, ulikuwa ukikata. Lakini hadithi za Bi Mwanahija alizijua zote kwa moyo. Ukikosea jina la mbuzi tu, anakurudi.

Hadithi iliyokuwa ikisemwa mwaka ule ni ya Mize. Mize kaachwa na mumewe kwa sababu hajui kupika. Kaondoka kwa hasira, kapotelea mapori ya huko Mwera, kaona nyumba, kaingia akidhani ni ya watu. Kumbe ni ya zimwi, na lile zimwi linakula watu. Likafunga mlango. Likamwambia, "Karibu mgeni. Unajua kupika?"

Bi Mwanahija akakata hapo! Asubuhi yake kaja mtu kutoka Pangani, dada yake amefariki. Bi Mwanahija akafunga safari, akakaa huko mpaka arobaini.

Sasa hebu fikiri mwenyewe. Mize yuko ndani, mlango umefungwa, zimwi linangoja chakula, na mwenye hadithi yuko msibani. Mie nilikuwa silali. Nageuka huku, nageuka huku, nawaza, atampikia nini jamani, na hajui kupika?

Mwisho nikaanza kuiendeleza mwenyewe. Tulikuwa tukipanga ndoo bombani mchana, maji yanatoka kama machozi ya mtoto mwenye deko, foleni haisogei. Wenzangu wananiuliza, "Mishi, unadhani Mize kafanyaje?" Mishi ndo mie. Nikawaambia. Na tulikuwa tumeshaambiwa na wakubwa kwamba ukisimulia hadithi mchana unaota pembe. Niliogopa, siwadanganyi. Nikajifunga kanga kichwani ili zikiota zisionekane, nikaendelea. Wenzangu kila nikimaliza kipande wananipapasa paji la uso. "Bado, endelea!"

Hadithi yangu ilikuwaje? We acha tu. Mize alipika ugali umeungua chini, juu mbichi. Zimwi likala, likalia machozi. Kwa nini? Kwa sababu tangu lizaliwe halijapata kupikiwa na mtu. Likatubu pale pale. Likaacha kula watu. Likamwoa Mize. Halafu kwenye harusi akatokea msichana mmoja, anaitwa Mishi, nywele zinamfika kiunoni, vikuku vya dhahabu miguuni, anasema na ndege, wafalme wote wanamtaka na yeye hamtaki yeyote. Huyo Mishi alihusu nini kwenye hadithi ya Mize? Hakuhusu kitu chochote. Nilitaka kuwemo tu.

Lakini jambo moja nililifanya, na mpaka leo najipongeza. Kila nikianza nilisema, "Hii ni hadithi ya Bi Mwanahija, mie namshikia mpaka arudi." Sikusema ni yangu hata siku moja.

Siku niliyokuambia, niko katikati ya harusi, watoto wamenizunguka, ndoo zimefurika maji yanamwagika na hakuna anayeangalia. Nikasikia sauti nyuma yangu.

"Nani huyo kaliozesha zimwi?"

Bi Saumu. Kanga zake zimenyooka, ndoo yake mkononi.

"Nauliza. Zimwi la Bi Mwanahija linakula watu, nani kalifanya bwana harusi?"

"Ni mie, Bi Saumu. Shikamoo."

"Shikamoo yako kaa nayo. Na huyo Mishi wa nywele za kiunoni ndo nani? Wewe? Nywele zenyewe hizo, kitana kinalia!" Watoto wakaanza kucheka. "Hadithi ya mtu mzima umeitia maji mpaka imekuwa uji wa mgonjwa. Mize hana akili tena, zimwi halina meno tena, kila mtu analia tu. Umeambiwa na nani unajua kusimulia? Nenda kamtafute huyo zimwi wako akuoe, maana binadamu wa kukusikiliza hayupo."

Mtoto mmoja nyuma akapaza sauti, "Mke wa Zimwi!" Basi! Mtaa mzima. Nikienda dukani kutumwa chumvi, mwenye duka ananiuliza, "Mke wa Zimwi, bwana hajambo?" Nikipita, watoto wananipigia vigelegele vya harusi.

Mie nikanyamaza. Si hadithi tu, maneno yote. Naulizwa jambo naitika kwa kichwa. Mama akadhani koo linaniuma, akanipikia uji wa pilipili manga, nikaunywa mpaka nikatokwa jasho, na koo langu halikuwa na ubaya wowote. Moyoni nilikuwa nimekwisha kata shauri kwamba sisimulii tena mpaka nakufa. Na ningefanya hivyo, mwanangu. Ningeolewa, ningezaa, ningezeeka nikiwa bubu wa hadithi, na hao wajukuu wangu wangelala bila kusimuliwa kitu.

Arobaini ikaisha, Bi Mwanahija akarudi. Jioni ile baraza ikajaa, kila mtu na miaa yake, hata wasiojua kusuka walikuja wameshika jani moja tu kama kisingizio. Mie nilikuja kwa kuburutwa, nikajificha nyuma ya mgongo wa mama.

Kabla hadithi haijaanza, Bi Saumu akamwambia Bi Mwanahija, kwa fahari kabisa, "Shoga, hadithi yako nimekulindia. Kulikuwa na kitoto hapa kinakuharibia, nimekinyamazisha."

"Kitoto gani?"

"Huyo hapo, Mishi. Kaliozesha zimwi lako."

Watu wakacheka. Bi Mwanahija hakucheka. Akaweka ukili wake magotini. "Limeoa? Limemwoa nani?"

"Mize! Si upuuzi huo?"

"Mishi," akaniita. "Njoo hapa mbele."

Nilitoka mbele. Nikasema shikamoo, akaitika marahaba vizuri, akanivuta mkono nikakaa karibu yake kabisa, nanusa mafuta yake ya nazi. Akaniambia, "Mwanangu, mie siku zote hizi niko msibani, sijasikia hadithi hata moja. Nina njaa ya hadithi. Nambie, zimwi lilipofunga mlango ikawaje?"

Sikuweza. Akangoja. Akachukua ukili wake, akaanza kusuka polepole kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Mwisho nikasema kwa sauti ndogo, "Mize akapika ugali."

Na Bi Mwanahija mwenyewe, mwenye hadithi, yule mama ambaye siku zote ndiye aliyekuwa akiitikiwa, akaitika: "Enhe!"

Mwanangu, sijui nikueleze vipi. Ni kama mtu kanimwagia maji ya baridi juani. Nikasema, "Ukaungua chini." Akasema, "Usiniambie!" Nikasema, "Juu mbichi." Akapiga goti lake, "Maskini Mize! Ikawaje?" Nikaenda. Nikaenda mpaka zimwi likalia, na hapo nikaona jambo ambalo sijalisahau. Mikono ya Bi Mwanahija ilisimama. Yule mama alikuwa akisuka hata akisinzia, mikono haijui kupumzika. Lakini zimwi lilipolia kwa sababu halijapata kupikiwa, ukili wake ulisimama.

Nilipomaliza na harusi na Mishi wake na ndege wake, watu hawajui wacheke au wafanyeje. Bi Mwanahija akamgeukia Bi Saumu. Hakupaza sauti.

"Saumu, wewe ni mwitikiaji wangu. Ulipomkuta mtoto anasimulia, ulimwitikia?"

"Nimwitikie upuuzi?"

"Nakuuliza, ulimwitikia?"

"Sikumwitikia. Lakini nilichosema si uongo. Hadithi mbovu."

"Mbovu ndiyo," akasema Bi Mwanahija. Moyo wangu puu! "Na mie ya kwanza niliyosimulia ilikuwa mbovu kuliko hiyo, na marehemu dada yangu ndo aliyeniitikia, na ndiye niliyetoka kumzika. Hakukuwa na mwingine. Yeye angenifanyia uliyomfanyia huyu, wewe leo ungekuwa unamwitikia nani?"

Bi Saumu akainamia miaa yake.

Halafu, na hapa nisikilize sana, Bi Mwanahija hakuishia kunisifu. Watu walipokwisha tawanyika akanibakiza. Akaniambia, "Mambo mawili. Huyo Mishi mwenye nywele mtoe. Si kwamba ni mbaya, anang'aa mno, akiingia hatumwoni tena Mize, na sisi tulimfuata Mize toka mwanzo. La pili, zimwi likiacha kula watu, mtoto wa kwanza kukusikiliza atakuuliza, sasa linakula nini? Litafutie chakula." Halafu akasema, "Lakini yale machozi yaache. Mie nilitaka Mize alitie sumu. Machozi yako yamezidi sumu yangu."

Yamezidi sumu yake! Nilirudi nyumbani naruka. Usiku ule nikalala vizuri, na asubuhi zimwi langu lilikuwa linakula mafenesi, mazima mazima, na miiba yake. Watoto walipenda hapo kuliko harusi. Mishi nikamtoa, iliniuma, lakini nikamtoa. Na jina la Mke wa Zimwi likaniganda mpaka leo, ila sasa mtu akiniita hivyo naitika kwa mbwembwe, "Bwana hajambo, anakula fenesi!"

Nimesimulia tangu hapo. Kwenye misiba, kwenye harusi, kwa wanangu, kwa watoto wa watu. Watu wametoka Pongwe kuja kunisikiliza, wamekaa hapo ukumbini kwangu wamesahau kurudi kwao. Na huyo Bi Saumu, Mungu amrehemu, macho yalipomwishia nilikuwa nakwenda kumsimulia kila Ijumaa. Hakuniomba radhi kwa mdomo, hakuwa mtu wa hivyo. Lakini aliniitikia, mwanangu. Mwitikiaji bora kuliko wote niliowahi kupata.

Basi nilipomaliza kumweleza Rahma hayo, nikamwambia, "Haya, kabla hujafuta, nisomee hicho alichokiita uchafu." Akakataa. Nikamwambia, "Mie sijui kusoma vya kwenye simu, unataka nife sijui mama mkwe kalala wapi?" Akaanza, sauti ya mbu. Nami nikaitika. Kufika mama mkwe anagombana na muuza mikate wa Ngamiani, Rahma keshasimama katikati ya chumba, anaigiza mikono, anaigiza zile hereni.

Alipomaliza nikamwambia, "Tamu. Lakini mama mkwe wako analia kila ukurasa. Mwanamke kama yule halii mbele za watu. Mzuie asilie, tumwone anavyojizuia, hapo ndo tutaumia sisi."

Akaniangalia. "Bibi! Kweli kabisa!" Akakaa chini pale pale akaanza kubonyeza, hata chai hakunywa. Hakufuta. Jana kaipeleka tena kundini, na mie nimemwambia aandike na haya yangu ninayoyasema, ayaweke chini yake.

Kwa hiyo wewe kijana uliyemwambia akauze barafu, sikuchukii. Nakuita mwanangu na ndo maana nimekusimulia yote haya. Inawezekana ulichokisema ni kweli. Bi Saumu naye alisema kweli, zimwi langu lilikuwa halina meno na mie nilikuwa nimejivika nywele za uongo. Kwa hiyo sisemi mtu akiandika vibaya asifiwe. Kumsifu kwa uongo ni kumdharau pia, ni kumwona hawezi kuzidi hapo alipo. Na mtu anayetoza watu kiingilio, akawapa kitu kibovu, huyo mwambie waziwazi, wenye hela zao wana haki ya kukasirika. Anayechukua ya mwenzie akasema ni yake, huyo naye mwambie, tena kwa ukali.

Lakini mtoto anayeandika bure, baada ya kuosha vyombo na kumaliza masomo yake, kwa sababu anawapenda watu wa kwenye hadithi na hataki waishe, huyo hujamlipa hata senti. Huna sababu ya kumpigia kelele. Tamthilia ya Waturuki haijaharibika, iko pale pale, imetazamwa na nusu ya Tanga. Kilichokuwa kinataka kuharibika ni Rahma wangu. Ulimwambia nini cha kumsaidia akatengeneze? Hukumwambia. Ulimwambia aondoke. Kukosoa na kufukuza ni vitu viwili, mwanangu, usivichanganye.

Nakuusia hivi. Ukisoma kazi ya anayejifunza, isome mpaka mwisho kwanza. Tafuta pale palipokusimamisha mkono, maana papo, hata kama ni padogo, umwambie hapo. Kisha mwambie lisilokwenda, kwa jina lake, ili akishika kalamu ajue anarekebisha nini. Tena mwambie pembeni, si mbele ya kundi zima lenye vikatuni vya kucheka. Na nyie mnaoandika, Rahma na wenzio, mkiambiwa kweli msinune. Mtoeni huyo Mishi mwenye nywele ndefu. Inauma, najua inavyouma, mtoeni tu.

Mie ni mzee, najisifu, niacheni nijisifu. Nina mjukuu anayeandika, na yuko hapa mlangoni ananiambia kijana yule kaomba kutumiwa sehemu ya pili ya mama mkwe. Mtumie, mama. Mtumie na mwambie bibi anamsalimu.

Mungu akupe, wewe kijana, jicho la kuona kizuri kilichojificha ndani ya kazi mbichi ya mwenzio, na akujaalie siku yako ya kwanza ya kuandika umpate wa kukusikiliza. Na wewe Rahma, na kila mtoto anayeandika kwa mapenzi, Mungu awafungulie, maneno yenu yawe mengi na yawe ya kheri, wala asitokee mtu wa kuwanyamazisha. Amin, wanangu. Amin.